Eda Isiyo na Hesabu: Majonzi ya Ndoa kwa Mwana Kupona na Shaaban Robert

Sheria ya Kiislamu inayofuatwa na Waswahili wa mwambao inampa mwanamke aliyefiwa na mumewe muda wa miezi minne na siku kumi. Hesabu hiyo imetajwa katika Kurani, sura ya pili, aya ya 234. Kiswahili nacho kimempa mwanamke huyo jina la muda wake: kizuka. Neno hilohilo hutumika kwa kiumbe cha kutisha kinachotokeza ghafla, na msikilizaji hawezi kuisikia maana moja bila kivuli cha nyingine. Mwanamume aliyefiwa na mkewe huitwa mgane. Neno hili linataja hali yake bila kuihesabia siku, kwa kuwa yeye hana eda ya kukaa.

Lugha hii ina utajiri mkubwa wa maneno ya msiba wa hadhara. Watu hukaa matanga, kisha huyavunja; mjane huingia eda, kisha hutoka. Kila tendo lina mlango wake wa kuingilia na wa kutokea. Kinachobaki bila jina la wazi ni majonzi ya mtu mmoja baada ya wageni kurudi makwao. Makala haya yanachunguza mahali ambapo majonzi hayo yalipata kauli katika maandishi mawili yanayotenganishwa na takriban karne moja: utendi wa Mwana Kupona binti Mshamu wa mwaka 1858, na maandishi ya Shaaban Robert yaliyomo katika *Maisha Yangu*. Hoja yake ni kwamba waandishi wote wawili waliupeleka msiba wa ndoa kwa mtoto, na kwamba kwa kusema na mtoto ndipo mfiwa aliporudi kuwa mtu mwenye hisia.

Mwana Kupona alikuwa mke wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, aliyeyapinga majeshi ya Sayyid Said wa Zanzibar kwa miaka mingi na kufariki mwaka 1856. Katika historia ya visiwa vya Lamu mume huyu ni mtu wa vita. Katika sehemu ya utendi inayomhusu, vita havimo. Anayeonekana ni mume aliyeishi na mkewe kwa furaha, na ambaye saa ya mauti yake ilipofika alimkariria radhi zake. Kisha mshairi anasema jambo ambalo wahakiki wengi wamelipita haraka: kwamba tangu siku ile hadi siku anayotunga hajanyamaza kulia. Eda ya kisheria ilikuwa imekwisha zamani. Miaka miwili imepita, naye mwenyewe ni mgonjwa kwa muda wa mwaka mzima, kama anavyoeleza mwanzoni anapomwita binti yake, Mwana Hashima, aketi karibu na kuchukua wino na karatasi.

Utendi huu umesomwa zaidi kama kitabu cha adabu za mke. Toleo la Alice Werner na William Hichens la mwaka 1934 liliuwekea jina la Kiingereza lenye maana ya wosia wa Mwana Kupona kuhusu wajibu wa mke, na jina hilo limeongoza usomaji wa vizazi. Waliokuja baadaye kuupinga utendi kwa sababu ya utii unaoufundisha waliusoma kwa miwani ileile. Utii umo, na hakuna sababu ya kuupaka rangi: pepo ya mke inafungamanishwa na radhi za mume, na binti anaambiwa hivyo bila kificho.

Hata hivyo, beti zinazomwelekeza binti namna ya kumhudumia mume zina jambo ambalo kitabu cha adabu hakilihitaji. Mume akilala, mke asipaze sauti; ampepee; amkandekande mwili; amtunze mfano wa mtoto ambaye bado hajajua kusema. Fundisho la utii lingetosha kwa amri moja. Hapa kuna mwili wa mtu fulani aliyelala, na mwanamke anayekumbuka ulivyokuwa. Ukizisoma beti hizi pamoja na kauli ya kilio kisichonyamaa, wosia unakuwa pia kumbukumbu ya mapenzi, iliyopewa sura ya mafunzo kwa sababu mafunzo kwa binti ndiyo kauli ambayo mjane mwenye heshima angeweza kuiandika na ikanakiliwa. Mwana Kupona hakupata muda wa kuanza maisha mengine. Alifariki yapata mwaka 1860. Lakini mafunzo yake yanamwelekea binti ambaye ataolewa na kupenda. Furaha iliyokwisha kwake inaelezwa kwa wakati ujao wa mtu mwingine.

Kwa Shaaban Robert hali ni tofauti, na tofauti hiyo inaanzia katika jinsia. Yeye ni mgane. Mila haimzuilii ndani wala haimpi muda wa kulia. Inatarajiwa atafute mke, hasa ikiwa ana watoto. Huyu karani wa serikali ya kikoloni, aliyeanza kazi katika idara ya forodha huko Pangani, alimpoteza mkewe Amina, na katika *Maisha Yangu* aliuweka msiba huo kwa nathari na kwa shairi linalobeba jina la marehemu. Shairi la "Amina" ni fupi mno likilinganishwa na tenzi zake, na huenda ufupi huo ndio uliolifanya likaririwe na wanafunzi wengi.

Muundo wake unastahili kutazamwa kwa karibu. Kila ubeti unarejea kwenye kituo kimoja, kinachosema kwamba fundo la mapenzi yao halina mtu wa kulifungua. Beti zinasonga, kituo hakisongi. Mwanzoni marehemu ni ua lililofunga baada ya kuchanua. Kisha yanakuja majonzi yasiyoneneka, na mfiwa anajiona kama aliye ndotoni. Baadaye, kabla shairi halijakwisha, anatamka kwamba amefurahi, kwa sababu anajua kuwa mkewe amefika pasipo na taabu. Neno la furaha katikati ya ombolezo la mume ni jambo la kushangaza. Shairi linalipita kwa utulivu, bila kulitetea. Furaha hiyo ni kwa ajili ya marehemu. Aliyebaki nyuma hadai chochote kwa nafsi yake. Lakini ni hisia iliyo hai, ya kwanza katika shairi isiyokuwa huzuni wala dua, na ubeti wa mwisho unaifuata kwa tumaini kwamba mapenzi yatarejea siku ya kufufuliwa.

Shaaban Robert alioa tena. Kwa jumla alioa mara tatu. Msomaji anaweza kuuliza fundo lisilofunguliwa limekwenda wapi. Baadhi watajibu kwamba kituo kile ni mapambo ya ushairi tu. Jibu hilo ni jepesi kupita kiasi. Kituo kinakana kufungua, hakikani kufunga. Katika lugha ambamo ndoa yenyewe hufungwa, mshairi mwangalifu kama yeye hakuweza kutoisikia tofauti hiyo. Fundo la kwanza linabaki lilivyo, na lingine linaweza kufungwa kando yake. Mjane wa Siyu hakuwa na nafasi ya kusema hivyo hata kama angetaka, na ukosefu huo wa usawa hauondolewi na uzuri wa shairi la mgane.

Kati ya ombolezo na ndoa za baadaye kuna watoto. *Maisha Yangu* ina tenzi mbili za wosia, *Utenzi wa Hati* kwa binti na *Utenzi wa Adili* kwa mwana. Wahakiki wamezoea kuulinganisha utenzi wa kwanza na ule wa Mwana Kupona kwa upande wa maadili: wapi baba anamfuata mama yule wa Siyu, wapi anamwacha. Ulinganisho huo una faida, ila unaiacha hali ya wasemaji. Kote wawili ni mzazi aliyefiwa na mwenzake, anayemwandikia binti aliyefiwa na mzazi. Mwana Kupona anaandika akijua anakwenda. Shaaban Robert anaandika akijua anabaki, na kwamba kazi ya mama imemwangukia yeye. Baba anayemfundisha binti yake mwenendo wa mwanamke amelazimika kukaa mahali pa Amina na kusema kwa sauti ambayo ingekuwa yake.