Sumaku ya Mwaka 1960 kwa Setilaiti ya Leo: Kutetea Usomaji Mkongwe wa AP-8

Mhandisi anayesanifu setilaiti ya obiti ya chini hulazimika kujua chipu zake zitapigwa na protoni ngapi, zile zilizonaswa na sumaku ya dunia, kabla ya kustaafu. Jibu hulitafuta kwenye faili za data, na iliyotumika kwa miongo kadhaa ni AP-8, iliyotolewa na NASA mwaka 1976 kutokana na vipimo vya setilaiti za miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ninashikilia kwamba faili hii haisomeki sawasawa bila uga wa sumaku wa enzi yake, na kwamba anayeubadilisha uga huo kwa nia ya kuiboresha huiharibu.

AP-8 haipangi protoni kwa latitudo, longitudo na kimo. Huzipanga kwa nguvu ya uga mahali chembe ilipo, na kwa ganda la sumaku lililoinasa. Mtumiaji basi huanza kwa kuigeuza njia ya setilaiti iwe vipimo hivyo, kazi inayohitaji modeli ya sumaku ya dunia. AP-8 ina matoleo mawili. Toleo la jua tulivu lilijengwa juu ya modeli ya Jensen na Cain ya mwaka 1960. Lile la jua lililochachamaa, juu ya modeli ya GSFC 12/66 iliyosogezwa hadi 1970. Siku hizi ipo modeli ya kimataifa ya uga, IGRF, inayorekebishwa kila miaka mitano. Nani asingeshawishika kuitumia?

Tatizo ni kwamba sumaku ya dunia inazidi kudhoofika. Ndani ya IGRF ya sasa, nguvu ileile ya uga inapatikana chini zaidi kuliko zamani. AP-8 haina habari hiyo. Huziteremsha protoni zake pamoja na uga, hadi kwenye hewa nzito zaidi juu ya Atlantiki ya Kusini, ambako kwa kweli zisingedumu: zingegongana na atomi za angahewa na kupoteza nishati. Hesabu hutoa mnururisho usiokuwepo, na mhandisi huongeza kinga ya alumini, yaani uzito, bila sababu. Ndiyo maana kiwango cha Ulaya cha ECSS kinaagiza AP-8 itumike na uga wake wa asili.

Mpinzani atajibu, na kwa haki, kwamba uga wa asili nao una kasoro. Eneo la uga dhaifu juu ya Atlantiki ya Kusini husogea magharibi kwa takriban theluthi moja ya digrii kila mwaka, kwa hiyo ramani ya 1960 huliweka mahali ambapo halipo tena. Hata hivyo kasoro hii ni ya aina nyingine. Anayejumlisha dozi ya miaka mitatu haimdhuru, maana obiti hupita kila longitudo. Anayepanga saa ya kuzima kifaa ndiye huumia, naye anaweza kuzungusha longitudo kurekebisha.

Eneo hilo linazigusa setilaiti zetu pia, kwa kadiri ya obiti zao. Uhuru, setilaiti ya miale ya eksi iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco karibu na Malindi, ilizunguka karibu na ikweta, ikaepuka sehemu kubwa ya eneo hilo. Taifa-1 ya Kenya, iliyorushwa Aprili 2023, iliwekwa kwenye obiti inayopita karibu na ncha za dunia. Obiti ya namna hiyo hulikatiza eneo hilo kila siku.

Modeli mpya zaidi, AP-9, imepunguza mzozo huu, kwani hutoa viwango vya uhakika badala ya namba moja tu. Lakini AP-8 bado inafundishwa, na bado inatumika bila malipo kupitia mfumo wa mtandaoni wa SPENVIS wa Ubelgiji. Kwa hiyo wahariri wa majarida yetu wanapaswa kuikataa makala inayotaja "AP-8" peke yake. Mwandishi ataje toleo la jua, modeli ya uga na mwaka wake. Akiviacha, hata mwenye faili ileile hataweza kuirudia hesabu yake.