Kutoka Gereza hadi Soko: Ushirikiano wa Vikundi vya Kijamii Dzaleka na Lilongwe, 1994–2023

1.0 Utangulizi

Dzaleka ipo wilayani Dowa, kaskazini mwa Lilongwe, mwendo wa kilomita zipatazo 40. Enzi za Kamuzu Banda palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa. Mwaka 1994 pakageuzwa kambi ya wakimbizi waliotoka Rwanda, Burundi na Kongo. Kambi iliyokusudiwa watu wasiozidi 12,000 sasa ina zaidi ya 50,000, na Kiswahili kimekuwa mojawapo ya lugha zinazowaunganisha. Makala haya yanadai kwamba umaskini wa Dzaleka haukutokana na uhaba wa stadi wala wa bidii, bali na umbali wa kisheria baina ya kambi na mji. Na kwamba historia ya vikundi vyake ni historia ya juhudi za kuufupisha umbali huo.

2.0 Sheria na riziki

Malawi iliupokea Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 kwa masharti, yakiwemo ya ajira na uhuru wa kutembea. Sera iliwataka wakimbizi wakae kambini. Hata hivyo, kwa miaka mingi utekelezaji ulilegea, na wengi wakafanya biashara Lilongwe.

3.0 Vikundi na ushirikiano

Msingi wa kwanza ulikuwa akiba. Wakongomani walikuja na likelemba, Wanyarwanda na ikimina. Wenyeji nao wana bank nkhonde, yaani benki ya barazani. Majina ni matatu, mantiki ni moja: kuaminiana hushika nafasi ya dhamana.

Juu ya msingi huo zilisimama asasi rasmi. There Is Hope, iliyoasisiwa na Innocent Magambi, aliyezaliwa ukimbizini, hutoa mafunzo ya ufundi kwa wakimbizi pamoja na wanavijiji wa Dowa. Uamuzi wa kuwajumuisha wenyeji ulikuwa wa busara: jirani aliye maskini akiona msaada unampita, huwa mpinzani.

Tumaini Letu, iliyoanzishwa na mshairi Mkongomani Menes La Plume, ilifuata njia nyingine. Tangu 2014 huandaa Tamasha la Tumaini ndani ya kambi. Kwa kuwa mkimbizi alizuiwa kwenda mjini, mji uliitwa kambini: wageni kutoka Lilongwe hununua vyakula na kazi za mikono, na wengine hulala katika nyumba za wenyeji wao wakimbizi.

4.0 Mtihani wa 2023

Mwezi Machi 2023 serikali iliamuru wakimbizi waishio mijini warudi Dzaleka kufikia Aprili 15. Mwezi Mei polisi walianza kuwakusanya, maduka yalifungwa. Watu waliokuwa wakijitegemea wakarejea kwenye kambi iliyokwisha kufurika, ambako mgawo haukuwatosha hata waliokuwepo.

5.0 Hitimisho

Historia hii ina funzo lenye pande mbili. Vikundi viligeuza ujirani kuwa mtaji, na tamasha kuwa soko. Lakini havikuwa na uwezo wa kufungua barabara iliyofungwa na sheria. Anayepima mafanikio kwa idadi ya waliohitimu ufundi amepima nusu ya jambo. Nusu ya pili ni kama fundi huyo anaruhusiwa kuifikia kazi. Umoja ni nguvu, ila nguvu huhitaji mahali pa kutumika.