Mzabibu na Mtungi katika Nchi ya Jojia

Somo letu la leo latupeleka Jojia, nchi ndogo iliyo kati ya milima ya Caucasus na Bahari Nyeusi. Watu wa huko wametengeneza divai kwa muda wa miaka 8,000 hivi. Twajuaje? Mwaka 2017 wataalamu walitoa habari za vigae vya mitungi vilivyofukuliwa kusini mwa mji mkuu, Tbilisi. Katika vigae hivyo walikuta mabaki ya divai ya zabibu.

Kwanza tutazame nchi yenyewe. Pepo za Bahari Nyeusi huleta mvua nyingi upande wa magharibi. Huko wakulima walizoea kuiacha mizabibu ipande juu ya miti. Safu ya milima ya Likhi huzizuia pepo hizo, basi mashariki ni pakavu zaidi. Katika jimbo la Kakheti, bonde la mto Alazani lina jua kali wakati wa kiangazi na udongo ulioletwa na mito kutoka milimani. Huko ndiko kwenye mashamba mengi ya mizabibu.

Udongo una kazi ya pili. Wafinyanzi hufinyanga mitungi mikubwa iitwayo qvevri, mingine hata mtu huweza kuingia ndani. Mtungi hupakwa nta ya nyuki, kisha huzikwa hadi shingoni. Zabibu zikisha kupondwa, maji yake hutiwa humo, na huko Kakheti hutiwa pamoja na maganda na kokwa. Mtungi hufunikwa miezi mitano au sita, nayo ardhi huikinga divai na joto na baridi.

Je, udongo na mvua vyatosha? La. Wakati wa utawala wa Kisovieti viwanda vya serikali vilitaka wingi, vikapendelea aina chache tu za zabibu, ingawa nchi ina aina zaidi ya 500. Mwaka 1985 serikali ilianza kupiga vita ulevi, na mizabibu mingi iking'olewa. Lakini watu waliitunza mizabibu ya nyumbani na mitungi yao. Mzee alionyesha, kijana akafuata. Jojia ilipopata uhuru mwaka 1991, ujuzi ule ulikuwapo bado, na mwaka 2013 UNESCO iliutia katika orodha ya urithi wa wanadamu.

Udongo na mvua hatuviumbi sisi. Bali ujuzi wa kuvitumia usipofundishwa, huzikwa pamoja na mwenyewe.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Kwa nini mashariki mwa Jojia ni pakavu kuliko magharibi?
2. Ni nani waliohifadhi ujuzi wa divai, na kwa njia gani?
3. Ni ujuzi gani wa wazee wa kwenu ambao haujaandikwa bado?