Shule za Sekondari na Lango la Isiolo

Msomaji mpenzi, huenda umezoea kusikia kwamba shule ni za namna mbili tu: za umma na za binafsi. Ndivyo isemavyo Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013. Lakini ukitaka kujua kwa nini wilaya moja ya Kenya ilipata shule nyingi za sekondari mapema na nyingine ikabaki na chache, mgawanyo huo hautakusaidia sana. Njoo tusimame Isiolo, kaskazini ya Mlima Kenya, mahali ambapo nchi ya mashamba yaishia na nchi ya mifugo yaanzia, tuyatazame mambo kutoka hapo.

Zamani za ukoloni Serikali haikuuliza kwanza kama mtoto ana akili; iliuliza rangi yake. Wazungu walikuwa na shule zao, kama Prince of Wales iliyofunguliwa Nairobi mwaka wa 1931, Wahindi zao, na Waafrika zao. Zile za Waafrika zilianzishwa zaidi na misheni: Maseno mwaka wa 1906, na Alliance mwaka wa 1926, kazi ya umoja wa makanisa ya Kiprotestanti huko Kikuyu. Je, tuziite za umma au za binafsi? Zilitawaliwa na misheni, nazo zilipokea ruzuku ya Serikali.

Katika nchi ya kaskazini hata hizo za misheni hazikufika upesi. Sheria ya mwaka wa 1902, kisha nyingine ya mwaka wa 1934, ziliifanya nchi hiyo kuwa wilaya zilizofungwa, na mtu hakuruhusiwa kuingia wala kutoka bila kibali. Isiolo ndilo lililokuwa lango lake. Sasa fikiri mwenyewe: ikiwa shule huletwa na mmisheni, naye mmisheni amezuiwa, na Serikali yenyewe haijengi, mtoto atasoma wapi?

Mjini hapo waliishi Wasomali wa Isaaq, wengi wao askari waliopata makao baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Katika miaka ya 1930 walikataa kodi ya Waafrika, wakadai watozwe ile ya Wahindi, ingawa ilikuwa kubwa zaidi! Usicheke upesi. Walijua kwamba daraja la mtu ndilo lililoamua haki zake, na shule ya watoto wake ni mojawapo.

Uhuru ulipopatikana mwaka wa 1963, shule za sekondari nchini nzima zilikuwa kama 150 tu. Tume ya Elimu iliyoongozwa na Profesa Simeon Ominde ilitoa taarifa yake mwaka wa 1964, ikataka shule zisizobagua rangi. Prince of Wales ikaitwa Nairobi School. Hata hivyo shule zilizokuwa za Wazungu ziliendelea kutoza karo kubwa; rangi ilipoondoka mlangoni, fedha ikaketi mahali pake.

Wananchi hawakungoja Serikali. Walichanga, wakafyatua matofali, wakaajiri walimu, na hizo ndizo shule za Harambee. Kabla miaka ya 1960 haijaisha, shule zisizosaidiwa na Serikali zilikuwa zimezidi zile za Serikali kwa idadi. Nawasifu waliozijenga, lakini tazama jinsi mzigo ulivyogawanywa. Mzazi maskini alichangia jengo, kisha akalipa karo iliyozidi ile ya shule ya Serikali, na mara nyingi mwanawe akafundishwa na mwalimu asiyehitimu.

Tena, mchango hutoka kwa mwenye kitu. Kahawa na chai zilijenga madarasa katika nchi ya vilima. Mali ya Isiolo ilikuwa ng'ombe, ngamia na mbuzi, na wakati ule ule, tangu mwaka wa 1963 hata 1967, vita vya shifta vilikuwa vikiendelea. Watu walikusanywa vijijini chini ya ulinzi, kama huko Garba Tulla na Merti, na mifugo ikafa kwa wingi. Nao Waraka wa Serikali Nambari 10 wa mwaka wa 1965 ulisema fedha za maendeleo ziende mahali zitakapozaa zaidi. Kwa hesabu hiyo nchi ya ukame ilikuwa ya mwisho. Basi wale wasemao kwamba wafugaji hawakupenda elimu wamesoma nusu ya habari.

Mwaka wa 1971 Rais Kenyatta aliondoa karo ya shule za msingi katika wilaya kame, Isiolo ikiwamo. Amri hiyo haikugusa sekondari. Aliyemaliza darasa la saba bila karo aliikuta ikimngoja kidato cha kwanza. Karo ya masomo katika shule za sekondari za umma iliondolewa mwaka wa 2008, yaani miaka 37 baadaye, nayo haikuhusu gharama za bweni, ambalo mtoto wa mfugaji ahamaye ndilo alihitajilo kuliko wote.