Steaua București: Jina Moja, Timu Mbili
Klabu ya Steaua București ya Romania, ambayo jina lake lina maana ya "Nyota", ilianzishwa na jeshi la nchi hiyo tarehe 7 Juni, 1947. Tarehe 7 Mei, 1986, jijini Sevilla, Hispania, ilitwaa Kombe la Klabu Bingwa Ulaya kwa kuishinda Barcelona kwa penalti 2-0 baada ya sare tasa, huku golikipa Helmuth Duckadam akipangua mikwaju yote minne ya wapinzani. Ilirejea fainali mwaka 1989, ikafungwa mabao 4-0 na AC Milan.

Mgogoro ulizaliwa baadaye. Mwaka 1998 timu ya soka ilitenganishwa na klabu ya jeshi, na hatimaye ikawa mikononi mwa mfanyabiashara George Becali. Jeshi lilikwenda mahakamani kudai jina na nembo, likashinda mwaka 2014. Timu ya Becali inaitwa FCSB tangu mwaka 2017. Mwaka huohuo jeshi lilifufua Steaua yake, ikaanzia daraja la nne. Hata hivyo, UEFA inalihesabu taji la 1986 kuwa la FCSB, jambo ambalo jeshi na baadhi ya mashabiki wa zamani hawalikubali.