Kutoka ukoma hadi kisukari: Historia ya kuulinda mguu wenye ganzi

Insulini ilipoanza kutumika mwaka 1922, wagonjwa wa kisukari waliokuwa wakihesabiwa miezi ya kuishi walianza kuishi miaka mingi. Furaha hiyo ilikuja na mtihani mpya. Kadiri walivyoishi, ndivyo macho yalivyofifia, figo zikachoka na miguu ikashikwa na donda ndugu. Mwaka 1934 Dkt. Elliott Joslin wa Boston, Marekani, aliandika kuonya juu ya miguu hiyo iliyooza, akisisitiza kwamba usafi na uangalizi vingeweza kuiokoa.

Lakini kwa nini kidonda kidogo cha unyayo kiligoma kufunga? Sehemu kubwa ya jibu ilitoka kwa wagonjwa wa ukoma kusini mwa India.

Dkt. Paul Brand, Mwingereza aliyezaliwa India, alikuwa mpasuaji katika chuo cha tiba cha Vellore miaka ya 1940. Wakati huo iliaminika kwamba ukoma wenyewe ndio unaokula vidole. Brand alisimulia jinsi alivyoshindwa kufungua kufuli lenye kutu, mtoto mgonjwa akaushika ufunguo na kuuzungusha. Kufuli likafunguka, damu ikadondoka: kidole kilikuwa kimechanika hadi mfupani, na mtoto hakuwa na habari.

Hapo ndipo Brand alipolifuatilia jambo hilo. Ukoma huua mishipa ya fahamu, kisha mgonjwa huumia bila kujua. Mtu mwenye hisia akipata lengelenge huchechemea, na kuchechemea huko humponya. Asiyesikia maumivu huendelea kulikanyaga jeraha hadi lifike mfupani. Dawa ikawa kuuondolea unyayo mzigo: mguu ulifungwa plasta ngumu iliyoushika wote na kuutawanya uzito, na vidonda sugu vikafunga.

Mwaka 1966 Brand alihamia hospitali ya ukoma ya Carville, Louisiana, Marekani. Kumbe miguu ya wagonjwa wa kisukari ilikuwa na tatizo lile lile la ganzi. Carville pia ilisaidia kueneza kipimo kinachotumika hadi leo: uzi wa nailoni unaopinda ukibonyezwa kwa nguvu ya gramu 10. Asiyeusikia unyayoni, mguu wake hauna tena mlinzi.

Je, ganzi yenyewe ingeweza kuzuiwa? Mwaka 1993 utafiti wa wagonjwa 1,441 nchini Marekani na Kanada ulionyesha kwamba kudhibiti sukari barabara hupunguza uharibifu wa mishipa ya fahamu kwa asilimia 60 kwa wenye kisukari cha aina ya kwanza.

Dar es Salaam nayo ina nafasi katika historia hii. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Dkt. Zulfiqarali Abbas alishirikiana na Karel Bakker wa Uholanzi na Sharad Pendsey wa India katika mradi wa Step by Step, uliowafundisha madaktari na wauguzi wa Tanzania na India kutunza miguu ya wagonjwa.

Ndugu msomaji mwenye kisukari, usingoje maumivu, huenda yasije. Kagua nyayo kila jioni, hata katikati ya vidole. Ingiza mkono ndani ya kiatu kabla ya kuvaa, na usitembee peku. Ukienda kliniki, vua viatu na uombe miguu yako ipimwe.