Sanduku la Wadachi

Msomaji, utotoni mwangu huko Malaba tulisimuliwa kwamba Wadachi, yaani Wajerumani, walipokuwa wakikimbia vita, walifukia sanduku la dhahabu kando ya mto. Jirani yetu mmoja aliyasadiki maneno hayo. Akachimbua shamba lake hata msimu wa kupanda ukampita, na wanawe wakala kwa kukopa. Na tuipime basi hadithi hii kwa mizani ya historia.

Wadachi hawakutawala hapa kamwe. Hadi mwaka 1902 Busia na Malaba zilikuwa katika Jimbo la Mashariki la Uganda, chini ya Waingereza. Mwaka huo jimbo hilo likatiwa katika nchi ambayo baadaye iliitwa Kenya. Vita vilipoanza, Wadachi walifika Kisii mwezi wa Septemba 1914, wakarudi. Dhahabu yao ilikuwako, lakini mbali: mwaka 1916 walipiga mjini Tabora sarafu za dhahabu za rupia 15, zenye sura ya tembo. Mwezi wa Septemba mwaka ule ule Wabelgiji wakautwaa mji. Sarafu zilitawanyika, na uvumi ukasafiri kuliko sarafu zenyewe.

Je, nchi yetu haikuwa na hazina? Ilikuwa nayo. Katika vilima vya Samia wahunzi waliyeyusha mawe ya chuma wakafua majembe, nayo yakauzwa na kutolewa mahari. Hazina ile haikufichwa. Ilishikwa mkononi kila msimu wa mvua.

Dhahabu nayo ilionekana Kakamega, mwaka 1931. Sheria ya mwaka 1930 ilikuwa imewaahidi Waafrika kwamba ardhi ya hifadhi zao ikitwaliwa, watapewa ardhi nyingine badala yake. Mwezi wa Desemba 1932 serikali iliibadili sheria hiyo, ikasema kuwa fedha zatosha. Ahadi haikutimiza miaka mitatu.

Angalia basi, msomaji: hadithi ya sanduku humfundisha mtu kuitazama ardhi yake kama kifuniko tu cha mali iliyo chini. Ndivyo walivyoitazama wale wa mwaka 1932. Jirani yetu hakunyang'anywa na mtu. Alijinyang'anya kwa jembe lake mwenyewe. Nawe ukisimuliwa habari za sanduku, sikiliza kwa adabu, kisha uulize: ni nani aliyeliweka, mwaka gani, na alipita njia ipi hata akafika hapa?